Mbona Tekno Zote Zinafanana?

Mtu anayepita nje ya klabu ya tekno usiku wa manane husikia kitu kimoja: dum, dum, dum, dum. Akirudi baada ya saa mbili ataikuta dum ile ile. Papo hapo hukata shauri kwamba muziki huu hauna kazi, mashine imewashwa na mwenyewe kaenda kulala. Hukumu hiyo ina sababu ya kimaumbile. Sauti nzito hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, kwa hiyo matoazi, vinanda na vipande vya sauti za watu hubaki ndani, na kinachofika barabarani ni ngoma na besi tu. Jirani wa klabu ana haki ya kulalamikia usingizi wake, ila wimbo wenyewe hajausikia.

Hata hivyo, walio ndani na waliolipa kiingilio nao wana lao. Kwa zaidi ya miaka thelathini mashabiki wa tekno wamekuwa wakivutana: nani kaanzisha, nani kaiga, na kwa nini nyimbo mpya zinafanana kama mikate ya tanuri moja. Mvutano huo una utamu wake, kwa sababu tekno ilianza kwa kuazima, ikajengwa kwa mashine zilizotoka kiwandani kwa maelfu, na bado ikatoa watu ambao shabiki mzoefu huwatambua kabla mdundo haujamaliza kuzunguka mara ya pili.

Chimbuko lake ni Detroit, jiji la viwanda vya magari kaskazini mwa Marekani, pamoja na Belleville, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma sekondari Belleville, vijana weusi katika mji wa wazungu wengi. Usiku walitegesha redio kumsikiliza mtangazaji wa Detroit aliyejiita The Electrifying Mojo. Mojo hakujua mipaka. Alipiga fanki ya Parliament, akafuatisha Prince, halafu akawaletea wasikilizaji wake Kraftwerk, Wajerumani wanne wa Düsseldorf waliopiga vinanda vya umeme wakiwa wamefunga tai kama makarani wa benki.

Mchanganyiko huo ndio uliozaa tekno. Mwaka 1981 Atkins na mwenzake Rik Davis, askari mstaafu wa vita vya Vietnam, walitoa "Alleys of Your Mind" kwa jina la Cybotron. Mwaka 1985 Atkins, sasa akijiita Model 500, alitoa "No UFOs" katika kampuni yake mwenyewe, Metroplex. Anayezifahamu kazi za Kraftwerk huwasikia humo mara moja, na anayeifahamu fanki humsikia George Clinton, kiongozi wa Parliament. Derrick May alikuwa na mzaha wake juu ya jambo hili, kwamba muziki wa Detroit ni kama George Clinton na Kraftwerk wamekwama pamoja ndani ya lifti. Hakuona haya kutaja wazazi.

Tena hawakuwa peke yao katika kuazima. Mwaka 1982, kule New York, Afrika Bambaataa na prodyuza Arthur Baker walitoa "Planet Rock", ambayo sauti yake kuu ilichukuliwa kutoka "Trans-Europe Express" ya Kraftwerk na mdundo wake ukafuata "Numbers" ya hao hao. Hawakukata kipande cha rekodi. Walikipiga upya kwa vyombo vyao. Kraftwerk walidai haki yao na kampuni iliyotoa wimbo ikalipa. Wakati huo huo wimbo huo uliozaliwa kwa kuazima uligeuka mama wa mitindo kadhaa mipya Marekani, na wengi walioufuata waliuiga bila kulipa senti.

Hata jina la muziki lilipatikana kwa ajali ya kibiashara. Mwaka 1988 kampuni ndogo iliyokuwa chini ya Virgin, Uingereza, ilikuwa inaandaa mkusanyo wa nyimbo za Detroit. Ulikuwa uuzwe kama tawi la hausi, muziki wa Chicago uliokuwa ukitamba London. Atkins akaleta wimbo alioupa jina "Techno Music". Mkusanyo ukatoka ukiitwa "Techno! The New Dance Sound of Detroit", na kuanzia hapo kilichokuwa kinaonekana kama lahaja ya Chicago kikawa na cheti chake cha kuzaliwa.

Sasa tuziangalie mashine, maana lawama ya kufanana huanzia hapo. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma TR-808 mwaka 1980, ikatengeneza kama 12,000, kisha ikaacha mwaka 1983. Ikaja TR-909, ambayo ilitengenezwa kama 10,000 tu. Zote mbili zilikusudiwa wanamuziki wasio na mpiga ngoma, na waliozinunua walilalamika kwamba hazisikiki kama ngoma za kweli. Malalamiko yalikuwa ya haki. Ngoma ya 808 haikurekodiwa popote. Inaundwa na umeme ndani ya mashine, na hutoa uvumo mrefu wa besi ambao hakuna ngozi ya mnyama inayoweza kuutoa. Zikadoda, zikaishia kwenye maduka ya mitumba na ya rehani, na huko ndiko vijana wasio na hela walikozikuta.

909 ilikuwa na tofauti moja ndogo ambayo imekuja kuwa kubwa. Kiki, yaani ile dum nzito, na snea zake zinaundwa kwa umeme, lakini matoazi yake ni rekodi halisi, matoazi ya kweli yaliyopigwa Japani na kuhifadhiwa katika kumbukumbu ndogo mno, kwa ubora hafifu wa biti 6. Yana mkwaruzo fulani, kama mchanga ukimwagwa juu ya bati. Tangu katikati ya miaka ya 1980, kila anayetumia toazi la 909, awe Detroit, Berlin, Tokyo au Johannesburg, anapiga rekodi ile ile. Toazi moja limechezesha watu mamilioni kwa miaka arobaini. Ukisikia tekno mbili zikafanana, huenda si sikio lako linalokudanganya: matoazi ni yale yale kweli.

Mashine ya tatu ni TB-303, kisanduku cha rangi ya fedha kilichotolewa miaka ya mwanzo ya 1980 kiwe mpiga gitaa la besi wa bandia. Kwa kazi hiyo hakikufaa kitu, na Roland walikiacha mwaka 1984. Chicago, vijana watatu waliojiita Phuture walikinunua kikiwa kimetumika, wakaacha kipande kimoja cha besi kijirudie huku wakizungusha vitufe vya sauti ambavyo mtu wa kawaida angevipanga mara moja na kuviacha. Besi ikaanza kulia, kukoroma na kupiga mbinja. Rekodi yao "Acid Tracks" ilitoka mwaka 1987 ikiwa na dakika zaidi ya kumi na moja za jambo hilo moja. Inasimuliwa kwamba DJ Ron Hardy aliipiga mara nne katika usiku mmoja klabuni Music Box: mara ya kwanza wachezaji waliondoka ukumbini, mara ya nne walipandwa na wazimu. Ndani ya miaka miwili waigaji walikuwa wamejaa Ulaya nzima, na bei ya 303 iliyotumika ikapaa. Leo ukitaka mlio huo unaweza kununua nakala ya bei rahisi kutoka Behringer, yenye umbo lile lile. Hata mashine sasa zina waigaji wao.

Ipo sababu nyingine ya kufanana ambayo watu huisahau, nayo ni meza ya DJ. Tekno haikutungwa ili isikilizwe wimbo mmoja mmoja. Imetungwa iunganishwe, wimbo huu uingie ndani ya ule bila miguu ya wachezaji kukosea. Kwa miaka mingi chombo cha kazi hiyo kilikuwa mashine ya santuri ya Technics SL-1200, ambayo ina kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8 kila upande. Fanya hesabu: wimbo wa mapigo 130 kwa dakika unaweza kuvutwa hadi karibu 120 au kusukumwa hadi 140, basi. Prodyuza aliyetoa wimbo wa mapigo 100 alijua kwamba DJ wa tekno hataugusa, hata ungekuwa mzuri namna gani. Ndiyo maana pia nyimbo nyingi huanza na dakika nzima ya ngoma tupu na kumalizika hivyo hivyo: hapo ndipo DJ anaposhonea. Anayezisikiliza nyumbani kwenye simu huuliza wimbo unaanza saa ngapi.

Santuri yenyewe ilikuwa na amri zake. Mwaka 1994 Jeff Mills wa Detroit alitoa "Cycle 30", ambayo upande wake mmoja una mifereji iliyofungwa: sindano ikiingia haisogei mbele kuelekea katikati, inazunguka pale pale hadi uinyanyue. Santuri kubwa hukamilisha mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Ukitaka mapigo manne yaenee sawasawa katika duara hilo, kila pigo linapata sekunde 0.45, na hiyo ni kasi ya mapigo 133 kwa dakika, zaidi kidogo. Hakuna mtu aliyeichagua kasi hiyo kwa ladha. Plastiki na injini ya Technics ndivyo vilivyoamua, na ni kasi inayokaa katikati kabisa ya tekno ya miaka ile.

Msikilizaji aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili hapaswi kushangazwa sana na sanaa yenye sheria ngumu namna hii. Tarbia ina mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi na sita iliyogawanywa nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vinatakiwa vitimie. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga humo katika karne ya 19, na waliomfuata wanatunga humo hadi leo. Hakuna anayesema mashairi yote ni shairi moja kwa kuwa mizani ni ile ile. Masikio huizoea mizani hadi yakaacha kuihesabu, yakasikiliza kinachosemwa. Kiki ya tekno ni mizani ya namna hiyo, na anayehesabu kiki tu bado hajaanza kusikiliza.

Basi asikilize nini? Chukua "Minimal Nation" ya Robert Hood, ya mwaka 1994. Hood alikuwa Underground Resistance pamoja na Mills na Mike Banks, kundi lililoficha sura kwa vitambaa na kukataa kampuni kubwa. Tekno ya Ulaya ilikuwa imeanza kujaa kelele, kasi na mbwembwe, yeye akapunguza. Nyimbo zake zina ngoma, matoazi machache na sauti fupi ya kinanda inayojirudia. Lakini sauti ile haidondoki pamoja na kiki. Urefu wake haugawanyiki vizuri kwa mapigo manne, kwa hiyo kila inaporudi inaangukia mahali pengine kidogo, na sikio, likidhani limeshaijua, linakuta imehama. Hakuna kilichobadilika ila uhusiano wa viwili vile, na mwili unacheza huku ukitafuta mguu uko wapi. Mills naye katika "The Bells" ana kengele chache tu ambazo kila shabiki wa tekno anaweza kuzipiga kwa mdomo. May, katika "Strings of Life" ya mwaka 1987, alichukua kinanda alichopiga rafiki yake Michael James, akakikatakata na kukipanga upya, na wimbo huo uliotikisa klabu za Uingereza hauna laini ya besi kabisa. Wimbo wa disko usio na besi! Prodyuza wa kawaida angeona amesahau kitu.

Berlin iliupokea muziki huu wakati wake. Ukuta ulianguka Novemba 1989, upande wa mashariki ukabaki na majengo matupu yasiyojulikana ni ya nani. Mwaka 1991 klabu ya Tresor ilifunguliwa katika chumba cha chini cha kuhifadhia fedha cha lililokuwa duka kubwa la Wertheim, visanduku vya chuma vilivyoshika kutu vikiwa bado ukutani. Rekodi ya kwanza ya kampuni ya Tresor ilitoka kwa watu wa Underground Resistance. Si mbali na hapo, mwenye duka la santuri la Hard Wax, Mark Ernestus, na mwenzake Moritz von Oswald walianza mwaka 1993 kutoa rekodi kwa jina la Basic Channel. Walichukua mdundo wa Detroit wakauvika mwangwi wa dabu ya Jamaika: kodi moja ya kinanda, yaani noti kadhaa kwa pamoja, inapigwa, kisha inaachwa ipotee ndani ya mwangwi wake kama moshi wa kifuu. Lebo za santuri zao zilikuwa na maandishi yasiyosomeka, picha zao hazikutolewa.

Kazi yao ilikuwa chache, santuri tisa kwa jina hilo. Walioiga ni maelfu. Leo "dabu tekno" ni kabati zima dukani, na vijana wa Detroit wenyewe wamekuwa wakitoa rekodi zinazofuata Berlin, iliyofuata Detroit na Kingston. Nyingi zinachosha, tuseme ukweli. Waigaji waliuchukua mwangwi kwa kuwa ndio rahisi kuusikia. Subira ya Ernestus na von Oswald, waliojua kuiacha kodi moja dakika kumi na kuibadilisha kwa upana wa unywele, haiuzwi pamoja na kifaa chochote.

Kisa kilichoonyesha vizuri zaidi kinachoweza kuibiwa katika tekno ni cha mwaka 1999. DJ Rolando wa Underground Resistance alitoa "Knights of the Jaguar", wimbo wenye sauti za nyuzi zinazopanda na ngoma za Kilatini, kumbukumbu ya asili yake ya Meksiko. Ulipendwa hata na watu wasiopenda tekno. Tawi la Ujerumani la Sony lilitaka kuutoa, na kundi halikukubali. Ndipo yakatengenezwa mapigo upya, noti kwa noti, na watu wengine, nakala ikatolewa bila ridhaa ya Detroit. Mashabiki walikuja juu dunia nzima, wakaimiminia Sony barua pepe na faksi hadi ikarudi nyuma. Nakala hiyo ikahamia BMG. Underground Resistance walijibu kwa kutoa matoleo yao mapya waliyoyaita "Revenge of the Jaguar", yaani kisasi cha chui.

Kinachosumbua katika kisa hiki ni kwamba muziki wote wa Detroit ulikuwa umejengwa kwa kuchukua. Kwa nini basi Sony wapigiwe kelele? Jibu la mashabiki halikuwa la kisheria, na lilikuwa sahihi kuliko sheria. Atkins alipowachukua Kraftwerk alitoa kitu ambacho Kraftwerk hawangeweza kukitoa. Nakala ya "Jaguar" haikuongeza chochote. Ilikuwepo ili fedha za wimbo zipite mlango mwingine. Watu wale wale wanaosamehe toazi moja kutumika mara milioni hawakuisamehe hata mara moja.

Sheria yenyewe inatapatapa. Hulinda sauti kuu ya wimbo na maneno yake, na tekno mara nyingi haina hivyo viwili. Mdundo, mlio wa mashine, namna ya kuruhusu mwangwi: hivyo ndivyo vyenye thamani kwa wacheza tekno, na ndivyo vigumu kuvimiliki mahakamani. Rekodi ni habari nyingine. Mwaka 1997 prodyuza Mjerumani Moses Pelham alikata sekunde mbili hivi za mdundo wa "Metall auf Metall" ya Kraftwerk, ya mwaka 1977, akazizungusha chini ya wimbo wa Sabrina Setlur. Kraftwerk walishtaki. Kesi ikapanda na kushuka ngazi zote za mahakama za Ujerumani, ikafika mahakama ya katiba mwaka 2016, ikaenda Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwaka 2019 ilisema kipande hata kiwe kifupi namna gani kinahitaji ruhusa, isipokuwa kimebadilishwa hadi sikio lisikitambue. Sekunde mbili, miaka zaidi ya ishirini ya mawakili.

Kwa upande wa pili yuko Gregory Coleman, mpiga ngoma wa kundi la The Winstons la Marekani. Mwaka 1969 alipiga peke yake kwa sekunde kama sita katika "Amen, Brother". Kipande hicho kimekatwa na kutumiwa katika maelfu ya nyimbo, kikawa uti wa mgongo wa jango na drum en besi za Uingereza. Coleman hakupata chochote na alifariki mwaka 2006 akiwa hana makao. Anayesema uazimaji ni uhuru mtupu angetakiwa kumtazama Coleman. Anayesema kila sekunde ilipiwe angetakiwa kujiuliza kama jango ingezaliwa.

Tukifika siku hizi, lawama ya kufanana imepata nguvu mpya, na safari hii mwandishi huyu yuko upande wa walalamikaji. Tangu programu kama Ableton Live, iliyotoka Berlin mwaka 2001, studio nzima inaingia kwenye kompyuta ya mkononi. Jambo jema: mtoto wa maskini hahitaji tena kuzunguka maduka ya rehani. Pamoja na programu yakaja masoko ya sauti, ambako kwa malipo ya mwezi unapakua kiki, matoazi, lupu (vipande vya kujirudia) na hata mpangilio mzima wa wimbo uliokwisha kunyooshwa. Video za mafunzo zinakuonyesha hatua kwa hatua.

Chukua mngurumo wa besi unaosikika katika tekno nyingi za sasa. Hupikwa hivi: kiki hupelekwa kwenye mwangwi wa ukumbi mkubwa, mwangwi huo huchujwa zibaki sauti nzito tu, hukwaruzwa kidogo ili upate meno, kisha hufungwa kwenye mnyororo na kiki yenyewe, ili kila kiki inapopiga mngurumo uiname kuipisha na kuinuka ikipita. Matokeo yanaitikisa kaunta ya baa. Aliyegundua njia hiyo alistahili pongezi. Anayeifuata leo kwa mara ya elfu kumi, akitumia kiki aliyoipakua pale pale alipopakua jirani yake, amefanya kazi ya fundi bomba: maji yanatoka, lakini hakuna atakayeuliza jina lake.

Mtu atauliza tofauti iko wapi, ikiwa Phuture nao walitumia mashine ya dukani. Tofauti ni kwamba 303 haikuja na maelekezo ya namna ya kutoa mlio wa "Acid Tracks". Ilikuja na maelekezo ya kitu kingine kabisa, na wao wakayaacha. Kifurushi cha sauti cha leo kinakuja kikiwa kimeshajua kinataka kuwa wimbo gani. Simu nazo zimeongeza shinikizo lao: kipande kinachosambaa mitandaoni ni kile cha sekunde kumi na tano pale ngoma inaporudi na mikono kupanda, kwa hiyo maprodyuza wengi wanatunga kwa ajili ya sekunde hizo, na kasi imepanda hadi mapigo 150 na kuzidi. Dakika saba za Hood hazina mahali hapo.

Waliochoka na hali hiyo huko Ulaya wamekuwa wakitega masikio kwingine, na baadhi walifika Dar es Salaam. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa "Sounds of Sisso", mkusanyo wa singeli kutoka studio ya prodyuza Sisso. Mwaka uliofuata zikaja "Poaa" ya Bamba Pana na "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta. Kasi yake, mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, iliwaacha waandishi wa muziki wa Ulaya vinywa wazi, wakaifananisha na gaba, tekno kali iliyotoka Rotterdam mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vijana wa Dar wakaalikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Singeli haikutokana na tekno hata chembe. Ilitoka kwenye mchiriku na vigodoro vya uswahilini, kwa ma-DJ waliokata vipande vya vinanda vya taarabu, wakavikimbiza na kuvizungusha kwa kompyuta chakavu huku mwimbaji akimwaga maneno juu yake.

Nyumbani singeli haipimwi kwa mapigo. Msaga Sumu, Man Fongo na Dulla Makabila wamejulikana kwa wanachosema, na kwenye kigodoro anayelaumiwa kwa kuiga ni mwimbaji aliyerudia vijembe vya mwenzake. Prodyuza kutumia kinanda kile kile cha taarabu ambacho mtaa mzima unakitumia si kosa la mtu. Ulaya mambo yaligeuka. Baadhi ya nyimbo zilizopelekwa huko hazikuwa na mwimbaji, na kilichosifiwa kuwa kipya kabisa ni lupu, yaani ile sehemu ambayo Tandale au Manzese ingeonekana ya kuazima. DJ wa Ulaya mwenye singeli ya mapigo 260 huweza kuilaza juu ya tekno ya mapigo 130 bila kugusa kitelezi, kila pigo la tekno likibeba mawili ya singeli, na sakafu yote ikacheza kinanda cha taarabu ambacho mpigaji wake wa kwanza hayupo kwenye orodha ya malipo wala ya majina.